Mguu wa 7 Umeupeleka Wapi? Mwongozo wa Kuunganisha Maltipleksa

Kwanza, hongera. Umeamua kujenga kisanduku cha kuchagulia sauti kwa ajili ya ukumbi: simu ya mpiga muziki, kompyuta, redio na kicheza CD cha mwenye ukumbi viingie upande mmoja, na kimoja tu kitoke kwenda kwenye amplifaya. Ungeweza kununua swichi ya kuzungusha kwa mkono ukamaliza kabla ya chai ya saa nne. Lakini umesikia kuna chipu ya maltipleksa inaitwa 4051, ina njia nane, inapokea amri kutoka Arduino, na bei yake haimuumizi mtu. Basi tuanze. Mwongozo huu utakusindikiza hatua kwa hatua mpaka utakapokwama, na hapo pia utakuwa nao.

Nenda dukani ukaitaje kwa jina. Utaonyeshwa CD4051, kisha 74HC4051, pengine na 74HCT4051, zote zimechomekwa kwenye sponji nyeusi. Uliza tofauti. Muuzaji atakuambia ni kitu kimoja, na kwa mpangilio wa miguu anasema kweli. Tofauti iko kwenye volti. Ile ya kwanza ni ya ukoo wa 4000, ambao kampuni ya RCA ya Marekani iliuingiza sokoni mwaka 1968. Hufanya kazi hadi volti 18 kati ya umeme wa juu kabisa na wa chini kabisa. Hizo za 74 zinaishia volti 10. Usimweleze muuzaji haya, kuna foleni nyuma yako. Chukua CD4051, na chukua nne. Moja ni ya mradi, tatu ni za elimu.

Ukifika nyumbani, ilaze chipu mezani, kijikato chake kikiwa kushoto. Anza kuhesabu miguu kutoka chini kushoto, nenda kulia, zunguka, umalizie juu kushoto kwenye wa 16. Sasa tafuta njia zako. Njia ya 0 iko mguu wa 13, ya 1 iko wa 14, ya 2 iko wa 15. Hapo utaanza kujiamini. Njia ya 3 iko mguu wa 12. Ya 4 iko wa 1, ya 5 iko wa 5 (furahia, hairudii tena), ya 6 iko wa 2, ya 7 iko wa 4. Katikati yao, mguu wa 3, ndio mlango wa pamoja. Usitafute mantiki, chora kwenye karatasi. Karatasi hiyo utaipoteza, kwa hiyo chora mbili, ili uwe na mbili za kupoteza.

Tumefika kwenye umeme, na hapa nitaomba utulie kidogo.

Chipu ulizozizoea zina miguu miwili ya umeme: chanya na grandi. Hii ina mitatu. Wa 16 unaitwa VDD. Wa 8 unaitwa VSS. Wa 7 unaitwa VEE. Wa 16 unaufahamu. Wa 8 unaufahamu. Wa 7 utautazama, kisha utatazama michoro ya wenzako, utaona wameupeleka grandi, na wewe utaupeleka grandi bila swali. Hii ni kanuni ambayo haikuandikwa popote na ambayo haijawahi kuvunjwa: mguu wa 7 hupelekwa pale alipoupeleka aliyekutangulia. Wapo pia wanaouacha unaning'inia hewani kwa kuwa hawakuona kazi yake. Hao hawahitaji mwongozo, wanahitaji chipu ya pili.

Kwa faida ya wachache watakaosoma aya hii: ndani ya kale kadude mna pande mbili. Upande wa amri unaisikiliza Arduino, nao unaishi kati ya VSS na VDD. Upande wa swichi ndio unaopitisha sauti, na wenyewe unaishi kati ya VEE na VDD. Yaani dari ni moja, lakini kila upande una sakafu yake, na ishara unayotaka ipite salama lazima ibaki kati ya dari na sakafu ya upande wa swichi. Ukiunganisha mguu wa 7 na wa 8, sakafu zote mbili zinakuwa sifuri. Hiyo ndiyo saplai moja. Ukiushusha mguu wa 7 hadi hasi 5, upande wa amri unabaki na 0 na 5 zake kama kawaida, huku sauti ikipata nafasi ya kushuka chini ya sifuri. Hizo ndizo saplai mbili. Mtengenezaji alitoa mguu mzima kati ya 16 ili kukurahisishia kazi. Usimshukuru bado, hutautumia.

Chagua saplai moja. Nasema chagua, ingawa ulishachagua tangu ulipoona chaja ya simu ya volti 5 iko bure kwenye droo. Na kwa haki, kuna watu ambao saplai moja inawatosha kabisa. Mwenye vipima unyevu wa udongo na vipimajoto vinavyotoa kati ya volti 0 na 5 aunganishe mguu wa 7 na grandi, aende zake akalale. Wewe si mtu huyo. Wewe una sauti, na sauti hupanda juu ya sifuri kisha ikashuka chini yake kiasi kilekile, mara maelfu kwa sekunde, bila kujali kama una chaja moja au mbili.

Washa. Cheza wimbo. Utasikia vizuri.

Hapo ndipo penye hila, na nataka uione kwa karibu. Kwenye kila mguu kuna daiodi za kuilinda chipu. Sauti ikishuka chini ya sakafu kwa nusu volti au zaidi kidogo, daiodi inaanza kupitisha umeme na kulikata wimbi. Sasa, kiwango cha kawaida cha vifaa vya sauti vya nyumbani ni kama volti 0.316, na kilele chake ni kama volti 0.45. Hesabu mwenyewe. Umekosa kuumbuka kwa unene wa uzi. Utawaita watu nyumbani waje wasikie, watasema safi sana, na utakuwa umeshawaambia wangapi kabla hujafika ukumbini? Usiwaambie wengi.

Ukumbini, mpiga muziki ataifungua simu yake hadi mwisho, kwa sababu hajawahi kuifungua vinginevyo. Nusu ya chini ya kila wimbi itakatwa kama panya kalipitia, spika zitakwaruza, na kisha litatokea jambo ambalo hukulitarajia: utasikia wimbo wa simu hata ukichagua redio. Usishangae. Swichi zilizofungwa hubaki zimefungwa pale tu ishara inapobaki ndani ya mipaka. Ukiivuta chini ya sakafu, mlango ulioufunga nao unaanza kufunguka. Utalaumu waya. Utabadilisha waya. Waya mpya zitakwaruza vilevile, ila kwa bei ya juu.

Basi rekebisha. Njia fupi ingekuwa kuleta hasi 5, lakini hiyo ni saplai ya pili, nawe ulishawaahidi watu kisanduku cha chaja moja. Kwa hiyo utafanya kile ambacho kila mtu hufanya: badala ya kuishusha sakafu, utainyanyua sauti. Chukua rezista mbili za kilo-omu 10, zipange kutoka 5 hadi grandi, na katikati yake upate 2.5. Tuliza hapo kwa kapasita ya mikrofaradi 10. Kisha kwenye kila njia weka kapasita ya nanofaradi 100 ya kuzuia umeme mtulivu usirudi kwenye simu ya watu, na rezista ya kilo-omu 100 ya kuining'iniza sauti kwenye ile 2.5. Hesabu hiyo inakata kuanzia hezi 16 kushuka chini, na huko hakuna sikio la kulalamika. Kwenye mlango wa kutokea weka kapasita nyingine ya kuirudisha sauti kwenye sifuri, na rezista nyingine ya kwenda grandi. Usiziache njia usizotumia bila rezista yake, la sivyo zitaelea zinakojua, na siku utakayopita juu yake spika zitapiga mlio wa bastola katikati ya dua ya ufunguzi.

Sasa hesabu vipande ulivyotumia kukwepa saplai ya pili kwa njia nane. Kapasita 10. Rezista 11. Vipande 21, vyote vikitaka kuchomewa, kila kimoja na ncha mbili za kusahau. Kwa upande mwingine kuna chipu ndogo ya miguu minane, ICL7660, ambayo ukiipa volti 5 na kapasita mbili za mikrofaradi 10 inakupa hasi 5, nayo maltipleksa yako haili umeme wa kuichosha. Vipande vitatu. Nimekuwekea hesabu hii hapa, baada ya kuchomea, kwa kuwa kabla ya hapo hakuna anayeisoma.

Kwa hiyo sasa umekubali saplai mbili. Vizuri. Hapa kuna njia nyingi za kufika, na kila moja ina shimo lake, kwa hiyo tembea nami.

Ukichukua ICL7660, jua kwamba hufanya kazi yake kwa kujaza na kumimina kapasita kwa mpigo wa takriban kilohezi 10, na kilohezi 10 zinasikika. Utakuwa umeondoa mkwaruzo ukaleta filimbi. Toleo lenye S mwishoni mwa jina lina mguu wa 1 ambao ukiuunganisha na chanya mpigo unapanda hadi karibu kilohezi 35, na hapo ni popo pekee watakaolalamika. Angalia tu kama duka limekupa lenye S au limekupa lisilo nayo na kukuhakikishia kwamba S ni ya mapambo.

Ukichukua adapta mbili na kuziunganisha, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, pale zinapokutana ndiyo sifuri yako. Hii ni njia safi, kwa sharti kwamba hasi ya adapta haikufungwa kwenye ethi ya ukutani. Soketi zetu zina matundu matatu, plagi zina pini tatu, kwa hiyo kwa macho zote zinafanana. Ishike plagi. Pini ndefu ya juu ikiwa ya plastiki tupu, ethi haipo, una bahati. Ikiwa ya chuma, weka mita kati ya pini hiyo na hasi ya adapta. Ikilia kwenye zote mbili, usiziunganishe, kwa sababu adapta moja itakuwa inajichoma yenyewe kupitia ukuta wa nyumba yako. Najua huna muda wa kupima. Adapta nayo haitakuwa na muda mrefu.

Ukichukua transfoma yenye waya wa katikati, utahitaji 7805 kwa chanya na 7905 kwa hasi. Ni ndugu, zimevaa nguo moja, na ndiyo sababu zimeua miradi mingi hivyo. Ukizitazama kwa mbele kutoka kushoto, 7805 ina kuingia, grandi, kutoka. Nayo 7905 ina grandi, kuingia, kutoka. Tena mgongo wa chuma wa 7805 ni grandi, lakini mgongo wa 7905 ni umeme unaoingia. Utazifunga zote mbili kwenye hitisinki moja kwa skrubu moja moja, bila karatasi ya maika, kwa kuwa maika ilikuwa imeisha dukani. Kaa mbali na meza wakati wa kuwasha.

Au utagawa adapta ya volti 10 kwa rezista mbili na kupaita katikati grandi. Sifuri hiyo ni ya heshima tu. Kila kitakachovuta umeme kitaisogeza, na siku utakapochomeka USB ya kompyuta, sifuri ya kompyuta itakutana na sifuri yako na moja itabidi ipishe. Haitakuwa ya kompyuta.

Usiende juu zaidi. Nasema hivi kwa sababu mtu atakuambia amplifaya nzuri za ndani kama TL072 hupenda chanya 15 na hasi 15, na anasema kweli, na wewe utaipa 4051 umeme huohuo ili kupunguza waya. Kati ya chanya 15 na hasi 15 mna volti 30. Kikomo chake cha kufa ni 20. Itafanya kazi kwa muda ambao utakutosha kusema "unaona?" Kwa volti hizo kuna chipu nyingine, DG408, inayovumilia hadi 44, na bei yake itakufanya uipende tena chanya 5 na hasi 5.

Sasa amri. Miguu ya 11, 10 na 9 ndiyo inayochagua njia, na wa 6 ukipewa chanya huzima zote. Upeleke wa 6 grandi. Ukiusahau, chipu itafanya kazi kila unapoikaribia na kuacha kila unapoondoka, nawe utawaambia watu ni waya umelegea. VSS nayo ibaki sifuri hata baada ya kupata hasi 5. Kuna wanaoipeleka kwenye hasi pamoja na mguu wa 7 kwa kudhani miguu inayokaa jirani ni ya familia moja, kisha wanashangaa Arduino inazungumza na chipu haielewi. Na usifikiri kuipandisha VDD hadi volti 10 ni ukarimu usio na gharama: CD4051 hudai amri ifike asilimia 70 ya VDD ndipo iihesabu kuwa moja. Kwenye 5 inataka 3.5. Kwenye 10 inataka 7, ambayo Arduino haina pa kuitoa. Mwenye bodi ya volti 3.3 akitumia VDD ya 5 amepungukiwa na volti 0.2 tu, na zitamfanyia kazi vizuri mezani, kwenye chipu aliyoijaribia. Hizo ndizo siku 74HCT4051 inapopata heshima yake, kwa kuwa inatosheka na volti 2. Ile uliyoiacha dukani, ndiyo.

Swichi yenyewe si waya. Ikiwa wazi bado ina ukinzani: kwa volti 5 kutoka sakafu hadi dari ni kama omu 470, na karatasi ya mtengenezaji inaruhusu hadi 1,050; kwa volti 10 inashuka hadi kama 180. Kumbe ile hasi 5 ilikuwa na zawadi ya pili. Ipeleke sauti kwenye kifaa chenye kilo-omu 100 na hutaona upungufu. Ipeleke kwenye kilo-omu 1 kwa saplai moja na karibu theluthi moja itabaki njiani, tena si theluthi ileile kwa kila sehemu ya wimbi. Usiunganishe spika moja kwa moja. Utaunganisha.

Mwisho, utaratibu wa kuwasha: umeme wa kisanduku kwanza, sauti baadaye; kuzima ni kinyume chake. Simu ikitangulia kupiga muziki kabla chipu haijapata umeme, sauti inapita kwenye zile daiodi na kuilisha chipu kwa mlango wa nyuma, taa inawaka hafifu, na kisanduku kinakuwa hai nusu nusu. Mpiga muziki hatafuata utaratibu huu. Weka rezista ya kilo-omu 1 kwenye kila njia ya kuingilia ili uhai huo wa nusu usigeuke kifo kizima, na ubandike karatasi ya maelekezo juu ya kisanduku, mahali ambapo ataweka chupa ya maji.

Ukikwama, na sasa ndipo ulipo, mpigie fundi anayezijua. Atafika bila haraka, atavuta kiti, hataigusa chipu. Atauliza, "Mzee, mguu wa 7 umeupeleka wapi?" Utasema grandi. Atauliza, "Na ishara inashuka hadi wapi?" Utasema kawaida tu. Ataomba mita. Kabla hajafika, tafadhali, bandua ile plastiki ya dukani kwenye kioo cha mita hiyo.